Nembo ya gari si giaboksi: CVT yako imetoka wapi?

Kaa kwenye kijiwe chochote cha mafundi, iwe Dar, Mombasa au Nairobi, uulize ununue gari gani dogo la familia. Kabla chai haijapoa utakuwa umepewa hukumu: "Chukua Toyota. Nissan achana nayo, giaboksi zake zinakufa." Fundi atakwambia hivyo, dereva teksi atakwambia hivyo, mjomba wako naye atatikisa kichwa kukubali. Hakuna anayebisha.

Leo sisi tunataka kubisha kidogo. Hatuuzi magari. Mmoja wetu anakuja maabara kwa daladala na mwingine kwa baiskeli. Tunabisha kwa sababu kauli hiyo, ukiipima kama unavyopima hoja yoyote ya kisayansi, ina matundu, na matundu hayo yanawatoa watu pesa.

Mwenzetu mmoja wa masomo aliifuata neno kwa neno. Alidunduliza posho miaka miwili, akaikwepa nembo aliyoambiwa aikwepe, akanunua gari dogo la kampuni nyingine kabisa ya Kijapani. Baada ya miezi saba gari likaanza kutetemeka kila likipanda mlima: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Alipofungua boneti na kusoma kibati cha gari akakuta kumbe giaboksi yake imetoka kwa kampuni ileile inayotengenezea nembo aliyoikimbia. Na chanzo cha matatizo yake hakikuwa nembo wala kiwanda. Gereji aliyokwenda kufanya sevisi ilimwaga oili ya CVT ikajaza oili ya kawaida ya otomatiki. Tutaona baadaye kwa nini kosa hilo dogo ni kubwa.

Jina la mbele, kiwanda cha nyuma

CVT ni giaboksi isiyo na gia za hatua. Haina gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uwiano kati ya mzunguko wa injini na wa magurudumu unabadilika polepole bila kuruka. Magari mengi madogo ya familia yanayotoka Japani yanaitumia kwa sababu inapunguza ulaji wa mafuta.

Sasa nani anaitengeneza? Hapa ndipo kauli ya kijiwe inapoanza kuyumba. Kampuni inayobandika nembo mbele ya gari mara nyingi siyo iliyotengeneza giaboksi.

Chukua JATCO. Ilianzishwa mwaka 1970 kwa ubia wa Nissan, Ford na Toyo Kogyo, ambayo leo tunaijua kama Mazda. Makao yake yako mji wa Fuji, mkoani Shizuoka. Kwa miaka mingi hisa zake zimegawanyika hivi: Nissan asilimia 75, Mitsubishi 15, Suzuki 10. Giaboksi yake moja, JF011E, Nissan wanaiita RE0F10A na imewekwa kwenye X-Trail ya T31. Lakini hiyohiyo imo kwenye Mitsubishi Outlander, Renault Koleos, hata Jeep Compass na Dodge Caliber za Marekani. Ndogo yake, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa jina la CVT7, imo kwenye Nissan Note, March na Juke, na pia kwenye Suzuki Swift, Mitsubishi Mirage na Chevrolet Spark. Yaani mtu anaweza kuapa kwamba hatagusa Nissan, akanunua Swift au Mirage, na bado akawa anaendesha giaboksi ya JATCO.

Upande wa Toyota nao si mnyoofu kama unavyosimuliwa. Axio na Fielder nyingi za petroli zina giaboksi za familia ya K310 kutoka Aisin, kampuni ya kundi la Toyota. Lakini Passo imebuniwa na kutengenezwa na Daihatsu, na CVT yake ni ya Daihatsu. Nembo moja, waganga wawili. Honda hujitengenezea CVT zake. Subaru nayo hujitengenezea ile inayoitwa Lineartronic, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, ila badala ya mkanda inatumia cheni ya chuma kutoka LuK ya Ujerumani.

Tukishuka ngazi moja zaidi, mambo yanabana kuliko hapo. Mkanda wa chuma, ambao ndio moyo wa CVT nyingi, una chimbuko Uholanzi. Mwaka 1958 Hub van Doorne, mwanzilishi wa DAF, alionyesha gari dogo lenye mikanda ya mpira badala ya gia. Mpira haukuweza kubeba injini kubwa, basi akaendelea kutafuta. Mwaka 1972 ikaanzishwa kampuni ya Van Doorne's Transmissie mjini Tilburg, na huko ndiko mkanda wa chuma ulikokomazwa. Mwaka 1987 Subaru Justy ikaingia sokoni na mkanda huo. Mwaka 1995 Bosch ya Ujerumani ikainunua kampuni, na tangu 2011 mikanda inatengenezwa pia mkoa wa Dong Nai nchini Vietnam. Mikanda ya Bosch imo kwenye giaboksi za JATCO, na imo kwenye giaboksi za Aisin pia.

Kwa hiyo yule anayesema "chuma cha Nissan kibovu, cha Toyota kizuri" anaweza kuwa anazungumzia vyuma viwili vilivyotoka kwenye mlango mmoja.

Chuma kinachosukuma

Tuna ugomvi mwingine, safari hii na wenzetu wanaoelezea sayansi. Video nyingi zinaifananisha CVT na baiskeli: mnyororo unavuta, na gia zinabadilika ukubwa. Picha hiyo inaeleweka upesi, ila kwa mkanda wa Tilburg ni picha ya kinyume. Mkanda huo hauvuti. Unasukuma.

Umeundwa kwa vipande vya chuma vipatavyo 400, vyembamba kama kadi, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Pete nyembamba za chuma, nyingi na zilizolala moja juu ya nyingine, zinavishika visitawanyike. Umewahi kubeba vitabu kumi mlalo kwa kuvibana kati ya viganja viwili? Havina gundi wala kamba, lakini vikibanwa vinakuwa kama gogo moja. Ndivyo vipande hivyo vinavyofanya kazi. Puli ya upande wa injini inavisukuma, kila kipande kinamsukuma mwenzake, mpaka puli ya upande wa magurudumu inazunguka. Pete kazi yake kubwa ni kuvikalisha kwenye mstari.

Kila puli ni sahani mbili zinazotazamana, zenye mteremko wa nyuzi kama 11. Sahani zikisogeleana, mkanda unapanda kuelekea ukingoni, duara linakuwa kubwa. Zikiachana, mkanda unazama kuelekea katikati. Puli moja ikibana, nyingine inaachia, na uwiano unabadilika. Hakuna meno popote. Kila nguvu ya injini inapita kwa msuguano wa chuma na chuma, vikiwa vimelowa oili.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayobeba makala hii yote.

Hesabu ya tani karibu tatu

Hebu tupige hesabu. Tuchukue nguvu ya kuzungusha ya newton-mita 150 kwenye puli, yaani injini ndogo ikikazwa kweli. Tuseme mkanda umezama hadi nusu-kipenyo cha sentimita 3, na kigezo cha msuguano ni 0.09. Puli inagusa mkanda pande mbili, kwa hiyo nguvu ya kubana inayohitajika ni 150 zidisha kosaini ya nyuzi 11, gawanya kwa 2 × 0.09 × 0.03.

Jibu: newtoni 27,000 na ushee. Ni sawa na uzito wa karibu tani 2.8. Gari lenyewe halifiki nusu ya hapo! Na nguvu hiyo yote inatoka kwa oili iliyoshindiliwa na pampu ndogo ndani ya giaboksi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Weka oili isiyo yake, msuguano ushuke kutoka 0.09 hadi 0.06. Nguvu ya kubana inayotakiwa inapanda hadi newtoni 40,900, tani 4 na zaidi. Kompyuta ya giaboksi haijui kwamba umebadilisha oili. Inaendelea kubana kwa makadirio yake ya zamani, na mkanda unateleza. Chuma kikiteleza juu ya chuma chini ya tani tatu kinachubuka, unga wa chuma unaingia kwenye oili, oili inakwenda kwenye vali na pampu, shinikizo linashuka, utelezi unaongezeka. Mwenzetu alikuwa amefika hatua hiyo bila kujua.

Ndiyo maana oili za CVT zina majina yake: NS-2 na NS-3 kwa Nissan, TC na FE kwa Toyota, HMMF na baadaye HCF-2 kwa Honda. Watu hudhani ni ujanja wa kuuza makopo. Bei za makopo tunaweza kuzilalamikia pamoja, lakini kemia si utapeli. Oili ya otomatiki ya kawaida imetungwa zaidi kwa ajili ya sahani za klachi zenye bitana, ili zishikane taratibu bila kushtuka. Oili ya CVT ina kazi ngumu ya ziada: ilainishe chuma kisiliwe, na papo hapo iache chuma kishikane na chuma kisiteleze.

Kijiwe kinahesabu nini?

"Lakini mafundi wanaona kwa macho," utasema. "Wanaopasua giaboksi kila siku watakuwaje wamekosea?"

Hawajakosea walichokiona. Tatizo ni kile wasichokiona. Gereji inapokea magari yaliyoharibika, haipokei yale mazima. Tupige mfano wa namba za kubuni. Mtaani kuna Nissan 60, zote zina CVT. Kuna Toyota 60, lakini 45 kati yake ni za zamani zenye otomatiki ya gia nne, 15 tu ndizo zenye CVT. Tuseme CVT zote, bila kujali nembo, huharibika kwa kiwango kilekile: moja kati ya tano. Fundi atapokea Nissan 12 na Toyota 3. Ataapa mbele ya kadhi kwamba Nissan ni mbovu mara nne. Na kwa mfano wetu hakuna tofauti hata chembe.

Huu si mfano wa hewani. IST ya kwanza, gari lililojaa mitaani kwetu kwa miaka, lina otomatiki ya gia nne. Ukilinganisha IST hiyo na Note yenye CVT hujalinganisha Toyota na Nissan. Umelinganisha teknolojia mbili. Kusema "otomatiki ya zamani ya gia nne inavumilia matunzo mabaya kuliko CVT" ni hoja inayoweza kujadiliwa, na sisi tunaiona ina uzito. Kusema "Toyota inavumilia kuliko Nissan" ni hoja nyingine, na ushahidi wa kwanza haukupi ya pili.

Herufi tatu, mashine mbili

Kosa jingine la kijiwe linatoka upande wa pili. "Mbona Aqua ina CVT na inapiga teksi miaka yote bila kelele? Basi CVT ya Toyota ni moto."

Aqua, Prius na haibridi nyingine za Toyota huandikwa CVT kwenye karatasi za mauzo. Fungua ndani: hakuna mkanda, hakuna puli za sahani. Kuna gia za sayari, yaani gia ya kati, gia ndogo zinazoizunguka, na gia ya nje, zikiwa zimeunganishwa na injini pamoja na mota mbili za umeme. Kompyuta ikibadilisha kasi ya mota moja, uwiano wa injini na magurudumu unabadilika bila hatua. Matokeo kwa dereva yanafanana na CVT, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Lakini ni meno yanayoshika meno. Kutumia uimara wa Aqua kutetea giaboksi ya mkanda ni kama kusifia mguu wa meza kwa sababu mguu wa mbuzi unapanda mlima.

Hapa lawama zetu haziendi kwa kijiwe. Zinakwenda kwa waandishi wa karatasi za mauzo. Mashine mbili tofauti zimepewa herufi zilezile tatu, na matangazo ya magari yaliyotumika yanazidisha kwa kuandika "AT" tu, ikijumuisha zote. Mnunuzi anayetoa akiba yake yote ananyimwa taarifa moja ambayo ingeandikwa kwa herufi sita.

Lakini tusiwasafishe watengenezaji

Msomaji makini atauliza: basi Nissan wanasingiziwa? Hapana. Kule Marekani Nissan wenyewe waliongeza waranti ya CVT kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000, kama kilomita 193,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu tu. Subaru nao waliongeza waranti za CVT zao huko Marekani. Kijiwe hakikuota matatizo haya.

Wala hatusemi kwamba kwa kuwa JATCO ni moja basi kila gari lenye JATCO ni sawa. Hilo ni kosa lilelile limegeuzwa shati. Giaboksi ileile ukiiweka nyuma ya injini kubwa zaidi, kwenye gari zito zaidi, ukaipa kipozeo kidogo cha oili, au ukaandika programu inayobana kwa shinikizo la chini ili kuokoa mafuta, maisha yake yatakuwa mengine. Shinikizo kubwa linalinda mkanda lakini linakula mafuta kwa sababu pampu inafanya kazi zaidi. Shinikizo dogo linaokoa mafuta lakini linakaribia ukingo wa kuteleza. Kila mtengenezaji anachagua asimame wapi kati ya hapo, na uamuzi huo hauonekani kwenye nembo wala kwenye jina la muuzaji wa giaboksi.

Suala la maana kwetu ni nani anabeba matokeo ya uamuzi huo. Waranti ile iliongezwa kwa soko la Marekani. Gari lililouzwa Japani, likatumika huko miaka saba, kisha likapanda meli kuja Mombasa au Dar, halina wa kumwendea. Sheria ya Kenya inazuia kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mengi huingia yakiwa yanakaribia umri huo, yakiwa na oili ambayo huenda haijabadilishwa hata mara moja. Kisha linakutana na foleni ya Kimara, mteremko wa Mai Mahiu au Mlima Kitonga, na joto la pwani. Vitabu vya matengenezo hutenganisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na haya yetu ni magumu. Ila kitabu kimeandikwa Kijapani na kimekaa kwenye droo ya gari bila kusomwa.

Sasa uliza hivi

Ukiwa unatafuta gari, acha kuuliza "ni Toyota au Nissan?" Anza na kibati. Huwa kiko ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na kina mstari wa TRANS AXLE. Ukikuta RE0F10A au RE0F11A, hiyo ni JATCO. Ukikuta K310, K311 au K312, hiyo ni familia ya Aisin. Andika namba hiyo, ndiyo utakayoitumia kutafuta oili sahihi na historia ya matatizo ya giaboksi yenyewe, si ya nembo.

Pili, uliza kama ni ya mkanda, ya cheni, au ya haibridi yenye gia za sayari. Muuzaji asipojua, kibati kitakusaidia.

Tatu, na hili usimwachie fundi peke yake: soma jina la oili kwenye kopo kabla halijafunguliwa. Fundi akikwambia "oili ni oili tu, mdogo wangu," mshukuru kwa heshima, funga boneti, uondoke.

Mwenzetu alichelewa. Giaboksi ilifumuliwa, mkanda ukakutwa umechubuka, na bei ya kuibadilisha ikala posho ya muhula mzima. Siku hizi akipita kijiweni na kusikia ile hukumu, hagombani na mtu. Anauliza tu, "Kibati chake kinasemaje?" Mpaka sasa hajapata wa kumjibu.